Karatasi Kwenye Kituo cha Majani Chai

Ikonge,
Nyamira,
14 Machi 1971.

Mpendwa kaka Machogu,

Pokea salamu zetu kutoka huku nyumbani. Je, mgongo umepata nafuu? Wifi Bathsheba hajambo, na watoto? Sisi tuna afya. Mvua imeanza na majani chai yanachipuka kwa wingi kuliko mikono ya kuyachuma. Mwili wangu ni mzima ila moyo umejaa hofu, ndiyo maana naandika peke yangu, herufi mojamoja. Usiicheke kazi ya darasa la ngumbaru, la sisi tunaojifunza kusoma ukubwani.

Wiki iliyopita karatasi ilibandikwa kwenye kituo cha majani chai. Ilisema karani wa mizani atachomewa nyumba. Herufi zake zilisimama kila moja peke yake kama za Biblia, hata mimi niliisoma nikiwa nyuma ya watu. Barua za chifu, zenye mwandiko wa kushikana, huwa tunangoja kusomewa. Hii kila mtu aliisoma mwenyewe, na karani amekwisha kuwahamisha watoto wake.

Sasa inasemekana waliosoma huunganisha herufi, kwa hiyo aliyeandika ni mmoja wetu wa ngumbaru. Tuko kumi na mmoja, wanawake watupu. Tarehe 26 tutaandika mbele ya chifu, na askari atakuwepo. Atakayepatikana atapelekwa jela Kisii.

Kaka, karatasi ile ilikuwa ya mistari miwiliwili, kama ya daftari zetu za ngumbaru. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari langu, nikakuta ukurasa umechanwa. Humu ndani tunaishi wawili tu, mimi na shemeji yako Nyamongo, karani wa kanisa, ambaye mwandiko wake wa kushikana husifiwa mpaka Ekerenyo. Nani atamshuku? Nilipomwuliza hakukana. Alisema karani wa mizani amempunja kilo msimu mzima, akaendelea kunywa chai. Nikamwambia watanifunga mimi.

Akanijibu, "Wewe ni mwanamke, Mokeira. Watakusamehe."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami miaka yote nilidhani wanamsema chawa. Naogopa chifu, naogopa jela, na sasa namwogopa mume wangu, ambaye kila jioni ananiombea kwa sauti kabla ya kula.

Nakusihi uje kabla ya tarehe hiyo na zile barua tatu nilizokuandikia kwa mkono wangu tangu nianze ngumbaru. Herufi zangu hutetemeka, za karatasi ile zimenyooka. Atakayezilinganisha ataona. Kisha nitamwomba chifu ampe Nyamongo naye kalamu, aandike herufi mojamoja kama mimi. Baada ya hapo sijui nitalala wapi.

Msalimie wifi, Bonareri mdogo, na shangazi Nyanchera. Mungu awafunike mlalapo, awaamshe salama.

Ukishindwa kuja, zitume barua hizo, nitazichukua posta mwenyewe. Lakini usiniandikie kwa ule mwandiko wako mzuri wa kushikana. Siwezi kuusoma, na siku zote anayenisomea barua zako ni huyo huyo Nyamongo.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Mokeira