Spana Iko Mkobani Mwangu

Jumanne. Joto la kunata tangu asubuhi, na hasira zangu hazijapoa hata baada ya kuoga.

Niseme kabisa: kosa la kwanza lilikuwa langu.

Kazi yangu, katika kiwanda kidogo cha kufungasha bizari pale Makadara, ni kupima. Kila nusu saa napima pakiti tano, natafuta wastani, natia nukta kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi ina mstari wa kati na mistari miwili ya mipaka, juu na chini, niliyoipata kwa vipimo vya mashine yenyewe ilipokuwa na afya. Nukta zikichezacheza ndani ya mipaka, hiyo ni tabia ya mashine tu. Moja ikitoka nje, ndipo tutafute kilichoharibika.

Wiki mbili zilizopita nukta moja ilishuka, bado ndani ya mipaka, nami nikaropoka mbele ya meneja: "Leo ziko nyepesi." Akamwamuru Kazungu, fundi wa mashine, akaze nati inayopanga uzito. Pakiti zikawa nzito. Akamwambia alegeze. Tangu hapo ni kaza, legeza, kila nikipima, na nukta zinaruka nje huku na huku. Lawama zote kwa Kazungu, eti mkono wake mzito.

Nilinyamaza. Meneja hunisalimia vizuri, huniulizia mama yangu, nikaona haya kumwambia anayeharibu ni yeye.

Leo barua ya kumwachisha Kazungu kazi ilikuwa mezani, imebaki sahihi tu. Meneja akanitaka niibandue karatasi, iambatanishwe kama ushahidi.

Ushahidi! Karatasi yangu!

Alipokwenda kuswali adhuhuri na kula, nilimwambia Kazungu airudishe nati kwenye alama yake ya zamani ya rangi. Kisha nikaichukua spana, pekee inayoingia pale, nikaitia mkobani.

"Dada, wataka kufukuzwa wewe badala yangu?"

"Endesha mashine."

Nikapima kila robo saa. Nukta nne, zote ndani ya mipaka.

Meneja akarudi. "Spana i wapi?"

"Mkobani mwangu, na haitoki."

"Wewe umekuja kupima au kunisomesha?"

Nikamwonyesha zile nukta nne, na zile za wiki mbili za kaza legeza yake. Barua hakuitia sahihi, wala hakuichana.

Sasa niko nyumbani Tudor, spana iko mezani kando ya chai, inanukia bizari. Naogopa, sitajidanganya. Lakini kesho saa moja nitaingia nayo, nitapima pakiti tano, nitatia nukta. Akiichana karatasi, vipimo vyote ninavyo daftarini. Na akitaka kumfukuza Kazungu, aandike barua mbili.