Shemeji na Kemshafti Mpya

Wee, nimeaibika mchana kweupe!

Ile injini kuukuu ya gari langu tumeifungia kemshafti mpya, ule mtaimbo wa kufungulia vali, na tapeti za rola, vile vikombe vinavyokaa kati yake na fimbo. Shemeji, bingwa wetu wa ufundi, akarudishia fimbo zilezile za zamani za kusukuma vali.

Nikamuuliza, "Tapeti hizi si ndefu zaidi? Fimbo za zamani hazitazidi urefu?"

"Shem, wewe endesha tu. Ufundi niachie."

Niachie!

Binti yangu ameshapanda na mabegi, nimpeleke kazini kwake kupya, nilimwahidi. Napiga stata, fimbo zikapinda kama tambi.

Bingwa akachungulia. "Injini yako imechoka."

Injini ndiyo imechoka!

Binti kaita teksi. "Baba, safari hii pumzika." Mimi, wa kupumzika! Nimebaki barabarani napunga mkono wenye oili.