Mpango Mkubwa wa Chakula

Mdogo wangu Kwamboka,

Huku Maryland jua linachoma. Nimemleta mama kwenye hoteli ya bustani ya bembea na michezo. Watu wa mapokezi wakauliza: mpango mdogo wa chakula, au ule mkubwa wa kula siku nzima? Mama siku hizi hamalizi hata kikombe cha chai. Lakini kuchukua mdogo kungekuwa kumwambia maneno ya daktari, ambayo nilimtafsiria nusu. Nikachukua mkubwa. Wakamfunga bangili ya karatasi, kama ile ya hospitali. Akala vijiko viwili vya aiskrimu.

"Ungechukua ule mdogo, Moraa," akasema. "Kiingereza cha daktari nilikielewa."

Fuatilia viza upesi, mpenzi. Unga wa wimbi anaoutamani, beba kidogo tu.

Dada yako,
Moraa