Mrija Uliogoma Kutoka

Kwa Mama Mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumai magoti yamekupa nafasi siku hizi. Sisi ni wazima, na mjukuu wako anakula kama zamani, kwa hiyo soma taratibu, usirukie mwisho.

Ulishaambiwa kuwa macho yake yaligeuka manjano kwa sababu ya jiwe lililoziba mfereji wa nyongo. Walilitoa kwa mpira wenye kamera, unaopitia mdomoni mtoto akiwa kwenye usingizi wa dawa. Daktari hakutuficha. Alisema kinachomtisha si jiwe bali kongosho, jirani wa mfereji huo, ambalo likiguswaguswa huweza kuvimba na kumtesa mtoto kwa maumivu makali. Kinga zipo, akasema, ila hakuna anayeweza kuapa.

Walimpa maji mengi ya dripu. Halafu, niwie radhi Mama, haya si mambo ya kumweleza mkwe, kuna dawa inayowekwa kwa njia ya nyuma. Mjukuu wako alimuuliza muuguzi, "Tumbo liko mbele, mbona unaanzia nyuma?" Binti yako alicheka, kisha akalia kweli. Mimi nilijifanya nasoma tangazo la kunawa mikono.

Mwisho waliacha mrija mwembamba ndani ya kongosho ili maji yake yapite. Tulimkodolea macho kila alipojigeuza. Alipoomba uji, tukajua kongosho limesalimika, nami nikakimbia kuutafuta.

Sasa lililonikalisha kuandika. Mrija ulitakiwa utoke wenyewe, lakini picha ya jana imeonyesha umeng'ang'ania. Alhamisi wataingiza mpira tena kuutoa. Daktari anasema kazi ya safari hii ni ndogo. Mimi bado naogopa. Mtoto naye amegoma. Hataki tumsindikize, eti tunaogopa kuliko yeye. Anataka wewe umshike mkono mpaka alale.

Najua hujakanyaga hospitali tangu walipokukabidhi nguo za marehemu Baba, na hakuna anayekulaumu. Binti yako amenikataza kukuomba. Nakuomba.

Nitakuja na gari Jumatano mchana. Nisipokukuta na mkoba mlangoni, nitakunywa chai yako nirudi, wala hatutalizungumza tena. Ila ujue nilimweleza mtoto kwamba Bibi anaogopa hospitali. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi mimi ndiye nitakayemshika yeye."

Wote hapa wanakusalimu, na mgonjwa anakusalimu mara mbili.

Mkweo akupendaye,
Baba wa mgonjwa