Sahani ya Maua ya Buluu

Mama, shikamoo.

Mlango wa kwenye picha ya kadi hii si wetu. Wetu washaupaka rangi nyengine, sikupiga hodi.

Nlikwenda kwa Bi Zuhura jirani, ingawa ulinikataza, ukasema mtu asiyejibu barua miaka yote hii ameshatutupa. Alinitazama, akaingia jikoni, akatoka na sahani yako ya maua ya buluu. Ile uliyompelekea tambi za futari siku askari walipokuja kumsaka Baba kwa siasa zake, na sisi tukakimbia hata magharibi haijaadhiniwa.

"Barua zenu zote zilinifika," akasema. "Na askari nao wakija kuniuliza mko wapi. Nikishasoma, nazichoma. Kujibu nliogopa."

Nliona haya, Mama. Tumemnunia mtu aliyekuwa akituficha.

Akaijaza sahani mkate wa kumimina, wa moto, iliki tele. Nliula mpaka chembe ya mwisho, maana huko uliko, kwenye theluji, mkate usingefika. Nkaiosha sahani ili niitie mkobani. Akaninyang'anya!

"Sahani ya jirani hairudi tupu. Mwambie mamako aje aichukue mwenyewe, nimpikie."

Nkamwambia bado unaogopa kurudi.

"Hata mimi nliogopa," akasema, "na sahani nimeitunza."

Mungu akulindie magoti yako na baridi hiyo. Kadi hii usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Mwanao,
Salma