Chumba Kisicho na Dirisha

Mjukuu wangu Atieno,

Hapa Katito tuko salama. Ng'ombe amezaa, na mguu wa baba yako umepona. Lakini swali lako limeniudhi sana! Eti kwenye hiyo safari ya meli unichukulie chumba kisicho na dirisha, kwa sababu "Dana atalala tu"? Nani amekwambia nyanya yako hupanda meli kulala?

Nikiwa msichana, mimi na mama tulipanda meli Kendu Bay kwenda Kisumu. Nilipopanda ngazi nione ziwa, mkata tiketi akanifukuza: "Huku juu si kwenu!" Tukakaa chini katikati ya magunia. Mama, na nguo yake ya kanisani, akashuka Kisumu bila kuona maji.

Badilisha hicho chumba. Nataka dirisha, na kiti juu kabisa. Kulala nitalala Katito.

Dana yako,
bado nimekasirika