Hebu Nieleze Utafanyaje

Karakana ya Mapazia,
Chumba cha Juu.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

U hali gani, na hilo domo bado halijachoka? Mimi mzima, ila masikio yanavuma kwa vyerehani. Presha ya Mama je? Mbona haishuki na dawa anazo? Jambo hilo linaninyima raha. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumbani ni moja, na Mama huweka spika.

Usimamizi nimeuzoea, lakini kuna jambo limenishangaza. Fundi wetu wa kukata, pande la mtu lisilopenda maneno, nilimwambia aache upindo wa shibiri moja chini ya kila pazia. Akajibu, "Nimeelewa, bosi." Kesho yake nikakuta mapazia yamekatwa sawasawa na dirisha, hayana hata pa kupinda! Mtu husemaje ameelewa na hajaelewa?

Udadisi wangu unaujua. Nilingoja vyerehani vizimwe, nikamuuliza kwa upole. Alinijibu akiangalia mkasi wake, "Nikikuuliza mara ya pili, utasema sijui kazi." Kumbe! Kuuliza si ujinga, tunaambiwa, lakini nani anataka kuonekana mjinga mbele ya wenzake?

Siku hizi nikishatoa maelekezo nasema, "Hebu nieleze utafanyaje, nijue kama mimi nimeeleza vizuri." Weee, mambo ninayoyasikia! Mshonaji mmoja alikuwa tayari kugeuza maua yote kichwa chini. Tunacheka, tunarekebisha, kitambaa kinapona.

Sasa sikiliza. Jana Mama aliponiambia kwa simu kwamba maelezo ya daktari ameyaelewa, nilisikia sauti ya yule fundi. Nikamwomba anieleze anavyokunywa dawa. Akajibu kwa fahari, "Siku nikijisikia mzima, naipumzisha." Daktari alisema kila siku, augue asiugue! Nikamweleza, akasema, "Nimeelewa, mwanangu." Wageni waliokuwa naye wakacheka kwenye spika, nikaaga nisimwaibishe.

Kwa hiyo kaa naye wewe, mkiwa wawili tu. Usimfokee, wala usimuulize kama ameelewa. Mwombe akueleze.

Nisalimie Shangazi na jirani yetu fundi baiskeli. Mungu awalinde, amzidishie Mama siku.

Nawe usinijibu kwamba umeelewa. Niandikie utafanyaje.

Wako akupendaye,
Dada